Kilo zimeisha mwilini, dawa ya kinga itafanya kazi?

Baba mdogo wangu alikuwa anatoboa matundu mapya kwenye mkanda wa suruali kwa msumari uliopashwa moto. Nilihesabu matatu kabla hatujajua ana saratani ya umio, ile inayoziba njia ya chakula, ugali ukagoma, wali ukagoma, akabaki na uji wa ulezi nao anaunywa kwa kijiko. Ukoo ulipoanza michango aende India kupata imunotherapi, yaani dawa za kuamsha kinga ya mwili ipigane na saratani, grupu zima la WhatsApp tulijadili viza na tiketi, hakuna aliyeuliza amebaki na kilo ngapi, mimi nikiwemo.

Dawa hizi, pembrolizumab na nivolumab kwa mfano, hazishambulii uvimbe zenyewe. Zinaondoa breki ambayo saratani inawafungia askari wa mwili, ugunduzi uliowapa James Allison na Tasuku Honjo tuzo ya Nobel 2018. Sasa kama kazi yote inafanywa na askari, ni haki kuuliza askari wamekula nini. Na kweli tafiti nyingi zinaonyesha wagonjwa wenye albumini ya chini, ile protini ya kwenye damu, misuli iliyokwisha, au waliopungua zaidi ya asilimia 5 ya uzito ndani ya miezi 6, wanafaidika kidogo na dawa hizi kuliko wenzao. Kwa hiyo wapo wanaosema lisha kwanza, dripu baadaye.

Ila upande wa pili nao una hoja nzito, na mi naona tunaupuuza. Kukonda kwa saratani si njaa ya kawaida, uvimbe wenyewe unachochea mwili ujile, kwa hiyo aliyekonda sana mara nyingi ndo mwenye saratani kali zaidi, na huenda angeitikia dawa vibaya hata angekula vizuri. Pembrolizumab ni protini, mwili unaojila unaivunja haraka. Ungedhani basi dawa ikiongezwa tatizo limekwisha, lakini wagonjwa waliopewa miligramu 10 kwa kila kilo hawakuishi zaidi ya waliopewa 2. Dawa haikuwa pungufu, mwili ndo ulikuwa umezidiwa. Afu kuna hili la kushangaza, utafiti wa 2018 kwa wenye melanoma iliyosambaa, aina ya saratani ya ngozi, ulikuta wanaume wanene waliotumia imunotherapi waliishi muda mrefu kuliko wenye uzito wa kawaida, japo hakuna daktari atakayekwambia unenepe kwa sababu hiyo.

Kwa hiyo kusema chakula kitaifanya dawa ifanye kazi, ushahidi wa moja kwa moja bado ni mdogo. Lakini Uswisi walifanya jaribio la kupanga wagonjwa kwa bahati nasibu, wengine wakapewa lishe iliyopangwa na mtaalamu, na wenye saratani waliolishwa hivyo walikufa wachache zaidi ndani ya siku 30. Haikuwa imunotherapi, ilikuwa chakula tu, na mimi hiyo inanitosha kusema mgonjwa apimwe kilo na aonane na mtu wa lishe wiki ileile anayopewa majibu, bila kuchelewesha dawa.

Kinachoniuma zaidi ni ushauri wa mtaani. Mtu kashabaki mifupa anaambiwa aache nyama, aache maziwa, sukari inalisha saratani, anywe juisi ya majani tu. Mgonjwa wa saratani anahitaji angalau gramu 1 ya protini kwa kila kilo yake kwa siku, ikiwezekana 1.5, yani mwenye kilo 50 atafute gramu 50 mpaka 75, na juisi ya majani haimfikishi huko hata anywe ndoo. Mayai, dagaa wa kusaga, maziwa mgando, karanga kwenye uji, hivi vipo sokoni.

Na kwa umio kuna jambo la kwanza kabla ya yote, njia ifunguliwe. Baba mdogo alikuja kuwekewa stenti, kile kimrija cha kutanua koo, tulipokuwa bado tunabishana kuhusu India. Siku ya pili akaomba ndizi za kupondwa na mchuzi wa nyama, akamaliza bakuli, akaomba nyingine. Alikuwa amekaa miezi minne bila kuomba chakula.