Kikosi cha 2027 kwenye daftari la penseli

Jumamosi moja ya baridi mwaka 2024 nilikaa kwenye mteremko wa nyasi pale Casey Fields, kusini-mashariki mwa jiji la Melbourne, nikitazama timu ya akiba ya klabu ya Melbourne. Upepo wa pale hukata mifupa. Jirani yangu alikuwa mzee mwenye skafu nyekundu na buluu, amelishika daftari la shule kwa mikono miwili lisipeperuke. Alikuwa amepanga majina matatu matatu kwa mistari sita, na mbele ya kila jina ameandika umri. Juu ya ukurasa palisomeka: 2027.

Wenyeji wanauita mchezo wao futi, yaani mpira wa kanuni za Kiaustralia. Timu huingiza wachezaji 18 kwenye uwanja wenye umbo la yai. Kwenye karatasi hupangwa safu tano za watatu watatu, kuanzia walinzi wa mwisho hadi washambuliaji wa mwisho, kisha watatu wanaoufuata mpira kila unakokwenda. Mzee alikuwa amekamilisha safu zote hizo, tena za miaka mitatu mbele.

Kwa mashabiki wa futi jambo hili si ajabu. Hufanywa sebuleni, kazini, kwenye treni ya kurudi kutoka uwanjani. Na kuna ubishi wa kweli kuhusu kama lina faida. Wapo wanaoliona kuwa ndiyo njia ya kuielewa klabu yako, na wapo wanaoliona kuwa ni kumkatia kanzu mtoto ambaye hajazaliwa. Nimekaa na watu wa pande zote mbili, na naona kila upande umeshika kitu ambacho mwenzake hakitazami.

Kwanza nianze na sababu za kupanga. Sisi tuliokulia kwenye ligi ambako mwenye fedha ndiye anayesajili, kubashiri kikosi cha miaka mitatu ijayo ni kupiga ramli, maana tajiri mmoja akiingia au akitoka kila kitu kinabadilika. Ligi ya futi, AFL, imejengwa kwa namna nyingine. Tangu 1986 ina drafti: kila mwisho wa mwaka vilabu huchagua chipukizi kwa zamu, aliyeburuza mkia akianza na bingwa akimaliza. Kijana akishachaguliwa huenda alikochaguliwa. Mishahara ina ukomo, hivyo hakuna klabu inayoweza kukusanya nyota wote kwa ubavu wa fedha. Mwaka wa mkataba wa mchezaji kuisha kwa kawaida hujulikana. Shabiki mwenye kalamu na subira anaweza kujua timu yake itakuwa na walinzi wangapi waliovuka miaka 30 kufikia mwaka fulani, na nani yuko nyuma yao.

Upo pia utaratibu wa baba na mwana. Mchezaji aliyeichezea klabu mechi 100 au zaidi, mwanawe akija kufaa, klabu hiyo ina haki ya kwanza kwake, ili mradi ilipe thamani yake kwa nafasi zake za drafti. Mashabiki wa Collingwood walimjua Nick Daicos, mwana wa Peter Daicos, miaka kadhaa kabla hajavaa jezi yao, na walimweka kiungo kwenye vikosi vyao vya kesho akiwa bado shuleni. Alichaguliwa wa nne mwaka 2021, mwaka ambao Collingwood ilimaliza ya 17 kati ya timu 18. Miaka miwili baadaye walikuwa mabingwa kwa kuishinda Brisbane Lions kwa pointi nne, na Daicos alikuwa katikati ya uwanja, palepale walipomwandika.

Kwa hiyo anayesema kwamba hesabu hizi ni ndoto tupu hajautazama mfumo.

Lakini mimi naishi mji mmoja na klabu ya Melbourne, na habari yake hainiruhusu kuishia hapo. Klabu hii ilitwaa ubingwa 1964, kisha ikakaa miaka 57 bila kombe. Msimu wa 2008 ilishinda mechi tatu, wa 2009 ikashinda nne, na misimu yote miwili ilikuwa ya mwisho. Kanuni za wakati ule ziliipa nafasi ya nyongeza timu iliyoshindwa kufikisha ushindi wa mechi tano misimu miwili mfululizo. Ndiyo maana Melbourne iliingia drafti ya 2009 ikiwa na chaguo la kwanza na la pili. Ikamchukua Tom Scully, kisha Jack Trengove, wote viungo. Mwaka mmoja kabla ilikuwa imemchukua mshambuliaji Jack Watts, chaguo la kwanza la 2008.

Jiweke kwenye nafasi ya shabiki wa Melbourne mwishoni mwa 2009. Una vijana watatu waliokuwa juu kabisa ya orodha za nchi nzima, na mkubwa wao ana miaka 18. Ukichukua karatasi uandike kikosi cha 2014, mkono unajiandikia wenyewe. Hakuna aliyehitaji kudanganywa. Kila dalili ilikuwepo.

Scully aliondoka mwishoni mwa 2011, baada ya misimu miwili tu, akaenda klabu mpya ya GWS. Trengove alifanywa nahodha mwenza mwaka 2012 akiwa na miaka 20, nahodha mdogo kuliko wote katika historia ya ligi. Mfupa wa mguu ukamsumbua miaka, na hakurudi kuwa yule aliyetarajiwa. Watts alicheza mechi yake ya kwanza Juni 2009 dhidi ya Collingwood, siku ya sikukuu ya Malkia, mbele ya umati mkubwa kwenye uwanja wa MCG jijini Melbourne, akiwa bado mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari. Wachezaji wazima wa Collingwood walimvamia kwa pamoja akiwa hajashika mpira hata vizuri. Tangu siku ile kila mechi yake ilipimwa kwa Watts aliyeandikwa kwenye karatasi za watu, na pia kwa Nic Naitanui, aliyechaguliwa wa pili baada yake na kung'aa kwenye klabu ya West Coast. Mwishoni mwa 2017 Watts na Trengove wote wawili waliondoka kwenda Port Adelaide.

Hapa ndipo wanaopinga wana hoja nzito, na naikubali. Jina la kijana likishaandikwa kwenye kikosi cha ubingwa, anageuka mdaiwa. Hajakopa chochote. Amefanya kosa la kuwa na kipaji akiwa na miaka 17, na sasa watu elfu arobaini wanamdai kombe ambalo hajawahi kuliahidi. Akicheza kawaida, kama wanavyocheza vijana wengi wa umri wake, anaonekana ameiba.

Kuna hatari nyingine inayogusa klabu yenyewe. Kesho ikiwa nzuri mno kwenye karatasi, leo hupoteza thamani. Msimu wa 2009 wa Melbourne ulichunguzwa baadaye na ligi. Mwaka 2013 klabu haikukutwa na hatia ya kupoteza mechi kwa makusudi, lakini ilipigwa faini ya dola 500,000 kwa mwenendo wa maofisa wake wawili. Mimi si hakimu wa kesi ile. Ninachojua ni kwamba kuna mashabiki wa kawaida, watu waungwana kabisa, waliokuwa wakienda uwanjani miaka ile na moyoni wanaomba timu yao ishindwe, kwa sababu kila kipigo kiliisogeza karibu na chaguo la kwanza. Mtu akifika hapo kikosi cha kesho kimemnyang'anya furaha ya Jumamosi yake. Tena mazoea ya kushindwa hayavuliwi kama jezi: Julai 2011 timu ile ya vijana wa ahadi ilipigwa na Geelong kwa tofauti ya pointi 186, na kocha akafukuzwa.

Sasa turudi kwenye drafti ileile ya 2009. Baada ya Scully na Trengove, kwenye nafasi ya 34, Melbourne ilimchukua kijana mrefu sana, karibu mita mbili na sentimita tisa, ambaye magoti yake yalimtesa miaka ya mwanzo: Max Gawn. Kazi yake ni kurukia mpira mwamuzi anapouanzisha na kuupiga kwa viungo wake. Wachezaji wa nafasi hiyo huchelewa kuiva, pengine mpaka miaka 24 au 25, na shabiki anayepanga kikosi cha miaka mitatu mbele hana nafasi ya mtu anayehitaji saba. Septemba 2021, nusu fainali dhidi ya Geelong, ndiye aliyefunga magoli matano. Wiki mbili baadaye, kwenye fainali iliyohamishiwa Perth kwa sababu ya korona, Melbourne ilikuwa nyuma kwa pointi 19 dhidi ya Western Bulldogs, ikageuza mchezo na kushinda kwa pointi 74. Nahodha aliyelinyanyua kombe la kwanza tangu 1964 alikuwa Gawn.

Wanaopinga hupenda kuishia hapa, wakisema mnaona, kaja yule ambaye hakuna aliyemwandika. Hiyo ni nusu ya habari. Katika timu ileile ya 2021 walikuwepo Christian Petracca, chaguo la pili la 2014. Angus Brayshaw, la tatu mwaka huohuo. Clayton Oliver, la nne la 2015. Na Luke Jackson, la tatu la 2019. Hao wote mashabiki waliwaandika mapema, na hawakukosea. Kombe lilikuja kwa waliotabiriwa na wasiotabiriwa kwa pamoja, likikamilishwa na walinzi kama Steven May na Jake Lever walionunuliwa kwa kubadilishana na vilabu vingine.

Na baada ya kombe? Timu ilikuwa changa, na kila aliyepanga kikosi cha 2024 aliona makombe mengine mawili au matatu. Jackson alikuwa mrithi wa Gawn, hilo halikuwa na mjadala. Mwishoni mwa 2022 akaomba kurudi kwao Australia Magharibi, akaenda Fremantle. Melbourne ilitolewa kwenye mechi za baada ya msimu wa kawaida kwa vipigo viwili mfululizo 2022, na tena vivyo hivyo 2023. Februari 2024 Brayshaw alistaafu kwa majeraha ya kichwa, na alikuwa bado na miaka ya kucheza. Mwishoni mwa 2025 Petracca na Oliver wakaondoka wote wawili, mmoja Gold Coast, mwingine GWS. Kati ya hayo, karatasi gani ingeonyesha kijana kukumbuka kwao, au kichwa cha mtu kugoma kupigwa tena?

Karatasi pia huwaona zaidi wale waliokwisha kuonekana. Aliir Aliir alizaliwa kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kule Turkana nchini Kenya, kwa wazazi wa Sudan Kusini, akafika Australia akiwa mtoto. Sydney ilimchukua kwenye nafasi ya 44 mwaka 2013. Mwaka 2021, akiwa na Port Adelaide, aliingia kwenye kikosi bora cha mwaka cha ligi nzima kama mlinzi. Siku hizi chipukizi wenye asili kama yake huonwa mapema, lakini hata hapo kanuni hugeuka. Mac Andrew, aliyezaliwa Misri na kulelewa na akademi ya Melbourne, alikwisha kuwekwa na mashabiki wa Melbourne kwenye safu yao ya kesho. Kwa drafti ya 2021 ligi ikaamua kwamba kijana wa akademi za vilabu za aina hiyo akitakiwa na klabu nyingine ndani ya nafasi 20 za kwanza, klabu iliyomlea haikuwa na haki ya kumzuia. Gold Coast ikamchukua wa tano mwaka 2021.

Msimamo wangu ni kwamba kupanga kikosi cha kesho ni kazi halali, mradi mtu apange nafasi na umri kabla ya majina. Ukiandika umri wa safu yako ya ulinzi ukakuta watatu watavuka miaka 32 pamoja, umeona tundu kabla maji hayajaingia mtumbwini, na una haki ya kuuliza uongozi wa klabu umejiandaaje. Hilo ni swali kwa watu wazima wanaolipwa kulijibu. Ila ukijaza tundu hilo kwa jina la mvulana wa miaka 17 na kuanza kumdai, umehamisha mzigo wa viongozi ukamtwika mtoto. Tofauti hii ni kubwa kuliko ubishi wa nani alibashiri sawa.

Nilimwomba mzee daftari nilitazame vizuri. Kila kitu kilikuwa kwa penseli, na karatasi ilikuwa imechubuka mahali pengi kwa kufutwafutwa. Nikaitafuta nafasi ya Gawn, ambaye wakati ule alikuwa na miaka 32. Mwaka 2027 angekuwa na 35. Pale mzee hakuandika jina lolote, alichora mstari tu na kuandika urefu: sentimita 200 na kuendelea. Kabla hajaniambia kitu kipenga kikalia, akalifunga daftari, akalikalia, akaanza kutazama mpira.