Nyinyi wa Chai Mmeshafika?

Wiki iliyopita, kwenye kikao cha kabla ya safari, kapteni aliingia, akatutazama wahudumu wanne wa ndege tuliokuwa tumeketi, akauliza, "Nyinyi wa chai mmeshafika?" Rubani msaidizi akacheka. Nami nikacheka, na hicho ndicho kinachonikera hadi leo.

Haya, ni utani. Nimekula chumvi nyingi kwenye kazi hii, sinuni kwa neno moja. Lakini ukimzoesha mtu kuwa yeye ni wa chai tu, siku ya hatari atausogelea mkonga wa simu ya ndani, halafu atausitia.

Tarehe 10 Machi 1989, ndege aina ya Fokker F28 ya Air Ontario iliondoka Dryden, Kanada, mabawa yakiwa yamefunikwa na theluji. Mhudumu aliiona. Hakuwaambia marubani. Baadaye aliieleza tume ya uchunguzi kwamba, kwa alivyowajua, marubani hawakupenda kupewa habari za urukaji na watu wa kabini. Ndege haikufika mbali. Kati ya watu 69, 24 walikufa, marubani wote wawili wakiwamo. Tena humo ndani mlikuwa na marubani wengine waliosafiri kama abiria, nao wakanyamaza. Kumheshimu mwenzako, eti!

Sasa tazama uwanja wa ndege wa Haneda, Tokyo, tarehe 2 Januari 2024. Ndege aina ya A350 ya Japan Airlines inawaka moto, simu ya ndani imekufa, na waliowajulisha marubani kuhusu moto ni wahudumu. Kwa megafoni na koo zao, wakichagua wenyewe milango iliyokuwa salama, waliwatoa watu. Wote 379 walitoka hai. Wa chai hao.

Sawa, na sisi si malaika. Wapo wenzangu wanaomnunia rubani safari nzima kwa ugomvi wa hotelini, utoto mtupu. Na ndiyo, ndege ikiwa chini ya futi 10,000 hatupaswi kuwasumbua marubani kwa mambo yasiyo ya lazima. Ila kanuni hiyo inakataza porojo, haikatazi kuripoti moshi. Kuna kapteni asiyetofautisha hayo mawili, na kuna mhudumu mpya aliyefokewa mara moja ambaye naye hatayatofautisha tena.

Alhamisi nimepangwa na kapteni yuleyule. Nitamwuliza mbele ya wote: "Kapteni, nikiona moshi huko nyuma, nikupigie simu, au nikuletee chai kwanza?"