Nani aliziita tasa?

Kuna ujumbe unaozunguka kwenye makundi ya WhatsApp karibu kila Jumatatu asubuhi, umepambwa kwa maua na picha ya jua linalochomoza: maisha ni hesabu, jumlisha marafiki, toa maadui, zidisha furaha, gawanya huzuni. Juzi uvumilivu uliniishia. Nikamjibu aliyeutuma kwamba ukigawanya huzuni kwa nusu, unapata huzuni mara mbili. Hajanijibu mpaka leo.

Sina ugomvi na mtu anayeyatafuta maisha ndani ya hesabu, maana hata mimi ninayatafuta humo. Kinachonikera ni kubeba maneno ya hesabu na kuiacha hesabu yenyewe mlangoni. Ukisema maisha ni mgawanyo, basi kubali mgawanyo ukupeleke unakokwenda wenyewe, hata kama ni mahali usipopapenda.

Mimi nilipelekwa huko na neno moja, nikiwa darasa la tano, Muheza. Mwalimu aliandika ubaoni 2, 3, 5, 7, 11, 13, akapiga mstari chini yake, akasema: hizi ni namba tasa, hazigawanyiki ila kwa moja na kwa zenyewe. Nyuma yangu mtu akanong'ona, ule mnong'ono wa kutaka kusikika: "Kama shangazi yake." Darasa likacheka. Mwalimu akageukia ubao, lakini nilimwona mabega yakimtikisika.

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, hakujaaliwa mtoto. Mtaa mzima ulijua, na mtaa mzima ulikuwa na maelezo yake. Alikuwa akiuza vitumbua nje ya uzio wa shule wakati wa mapumziko, na ninaweza kuapa kwamba wote waliocheka asubuhi ile walikuwa na mafuta ya vitumbua vyake vidoleni.

Kikaango chake kilikuwa na matundu saba, sita yamezunguka na moja katikati. Kwa hiyo vitumbua vilitoka saba saba, na mimi niliyekuwa nikivipanga kwenye sinia nilizijua namba tasa kwa mikono kabla ya kuzijua kwa jina. Vitumbua 12 vinapangika: mistari miwili ya sita sita, au mitatu ya vinne vinne. Vikiwa 13, panga upangavyo, kuna kimoja kitabaki pembeni kinakutazama, isipokuwa uvipange vyote mstari mmoja mrefu kama foleni ya benki mwisho wa mwezi. Nadhani aliyezipa namba hizi jina alitazama upande huo tu. Alijaribu kuzigawa, hazikutoa kitu, akasema tasa.

Angetazama upande wa kuzidisha asingethubutu. Chukua 60. Ni 6 mara 10. Ile 6 ni 2 mara 3, na 10 ni 2 mara 5. Au anza kwingine: 4 mara 15, kisha 2 mara 2, kisha 3 mara 5. Chora kama mti wa ukoo, pita tawi lolote utakalo, utaishia kwa wazee walewale wanne: 2, 2, 3 na 5. Na ndivyo ilivyo kwa kila namba nzima iliyozidi moja. Ama ni tasa, ama imejengwa na namba tasa kwa namna moja tu isiyo na mbadala. Misingi ya jambo hili imo katika kazi ya Mgiriki Euclid, yapata mwaka 300 kabla ya Kristo, na Mjerumani Gauss akaliandikia uthibitisho kamili mwaka 1801. Hakuna 60, hakuna 100, hakuna milioni bila hizo tunazoziita tasa. Wagiriki walizipa jina la "namba za kwanza", Walatini wakafuata, na Waarabu nao husema za awali. Sisi tukasema tasa.

(Si sisi peke yetu tuliopachika ulemavu kwenye namba, tuwe waadilifu. Wanahesabu wa Kiarabu waliviita vipeuo visivyotoka sawasawa, kama kipeuo cha pili cha 2, "asamm", yaani kiziwi, na wafasiri wakakibeba kiziwi hicho hadi Kilatini.)

Kwa kweli kama ni lazima namba hizi ziitwe kwa jina la watu, zingeitwa yatima. Hazina wazazi, lakini zina wajukuu wasiohesabika.

Niliingia sekondari, hesabu ikageuka Kiingereza, na katika lugha ile namba zile zilikuwa za kwanza, zimevaa suti. Hakuna aliyecheka. Nilipofika chuo nilikuwa nimeshaitengeneza hotuba yangu: shangazi hakuzaa, lakini watoto tisa wa ndugu zake, mimi nikiwemo, tumepita mikononi mwake, kuzaa si kazi, kazi kulea, kwa hiyo yeye ni namba tasa hasa, ile ambayo wengine wote tumejengwa kwayo. Niliitoa hotuba hiyo kwenye harusi mbili. Watu walifuta machozi.

Siku hizi siitoi, na sababu ni hesabu ileile. Oktoba 2024 ilitangazwa namba tasa kubwa kuliko zote zinazojulikana: zidisha pamoja 2 zipatazo 136,279,841, kisha toa moja. Ukitaka kuiandika yote utahitaji tarakimu 41,024,320. Namba hiyo haijajenga chochote tunachokihitaji. Hakuna duka litakalouza bidhaa kwa bei hiyo, hakuna ukoo wenye watu idadi hiyo, na mizidisho yake hakuna atakayekaa kuihesabu. Nayo ni tasa kamili kama 2 na 3, wala hakuna mwanahesabu anayeidai fidia. Ndipo nikaona kosa la hotuba yangu. Nilikuwa nikimwombea shangazi msamaha kwa watu: jamani, hakuzaa lakini alilea. Na yule asiyezaa na asiyelea mtoto wa mtu? Anayependa chumba chake, redio yake na utulivu wake? Kwa hotuba yangu, huyo alikuwa bado anastahili kuchekwa. Nilichukua nusu ya hesabu, ile nusu iliyonipendeza, kama yule wa Jumatatu asubuhi.

Wahamasishaji nao wamemfanyia hivyo Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa Magamba kule Lushoto, aliweka mchanganyiko wa aiskrimu kwenye jokofu ukiwa bado wa moto, akaona umeganda kabla ya ule uliopoa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Leo utasikia jukwaani: maji yaliyochemka huganda kwanza, kwa hiyo wewe uliyechomwa na maisha utafika kabla ya wenzako! Maji hayajakubali kirahisi hivyo. Wanasayansi bado wanabishana, na mwaka 2016 watafiti wawili Uingereza walipima kwa makini wasilione jambo hilo. Kinachonigusa mimi katika kisa cha Mpemba ni kwamba alipouliza swali lake darasani alichekwa, na mwalimu akamwambia hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ya dunia. Kicheko kile nakijua.

Lakini turudi kwa shangazi, maana kuna maneno mengine mawili ya hesabu ambayo Kiswahili hakikuyaacha darasani tu. Shuleni tulifundishwa namba shufwa, zinazogawanyika kwa mbili, na namba witiri, zinazobakiza moja. Jioni, chuoni kwa maalim, tukayakuta maneno yaleyale katika Surat al-Fajr, yakiapiwa. Na usiku, nyumbani, shangazi alikuwa akisali witiri baada ya isha, nyumba nzima imelala. Mtoto wa Muheza hakuhitaji mtu wa kumwambia kwamba hesabu ina uhusiano na maisha. Neno lilikuwa moja.

Namba tasa zote ni witiri, isipokuwa moja: 2. Hiyo peke yake ni shufwa na ni tasa. Jozi isiyo na mtoto. Shangazi na mumewe walikaa kibarazani kila jioni, yeye akichambua mchele, mume akisoma gazeti la juzi, na walikuwa wakicheka kwa mambo ambayo sisi tisa hatukuyaelewa hata tulipokua. Hii sijaithibitisha kwa hesabu wala sitajaribu. Naisema tu, kwa kuwa kila nikiiona 2 peke yake kwenye ukurasa nakiona kibaraza kile.

Kuhusu kutogawanyika kuna wadudu ninaowapenda, nyenze wa Marekani. Wapo wanaokaa ardhini miaka 13 ndipo watoke kuimba, na wengine miaka 17. Namba tasa zote mbili. Wangekuwa na mizunguko ya miaka 12 na 18 wangeweza kugongana kila baada ya miaka 36, lakini 13 na 17 hazina kigawo cha shirika ila moja, kwa hiyo mzunguko wao wa pamoja ni miaka 221. Makundi mawili makubwa yaliyotoka pamoja mwaka 2024 yalikuwa hayajafanya hivyo tangu 1803. Kuna wataalamu wanaodhani ndiyo siri yao: hakuna adui mwenye mzunguko mfupi anayeweza kuwapangia ratiba. Dhana hiyo ina wapinzani wake, lakini ile 221 haina mpinzani, na mimi naijua nyumba moja Muheza ambayo ratiba ya mtaa haikuigawa.

Mwezi uliopita nilikwenda kumsalimia. Mumewe amefariki, yeye bado anapika vitumbua, siku za soko tu sasa, magoti yanamsumbua. Nikampa shikamoo, akaniitikia "Marahaba, baba," akanipa kigoda. Nikamweleza habari za 13, sinia, na jina ambalo vitabu vimezipa namba za namna hiyo. Sikumwambia habari za kicheko, ingawa nadhani alikuwa akizijua tangu zamani. Alisikiliza huku akimimina unga.

"Nani aliziita tasa?" akauliza.

Nikasema simjui, ndivyo vitabu vinavyosema.

"Mwanamume huyo," akasema, akachukua kijiti akaanza kugeuza vitumbua, cha katikati kwanza.