Kabla ya Mwezi, Tuanze na Menengai

Aprili 2023 setilaiti yetu ya Taifa-1 iliporushwa, Wakenya tulishangilia, ingawa roketi ilikuwa ya Wamarekani na ilirukia California. Sawa tu. Ila mimi roketi hainitii wivu. Kinachonitia wivu ni mitambo ya majaribio, ile isiyotoka ardhini kamwe.

Agosti 2025 Wachina walijaribu Lanyue, chombo cha kuwashusha wanaanga wao Mwezini, huko Huailai, mkoani Hebei. Mvutano wa Mwezi ni sehemu moja tu kati ya sita ya huu wetu, kwa hiyo walikining'iniza kwa kamba zilizobeba uzito uliozidi, wakawasha injini, kikashuka. Hata uwanja walioushukia waliupaka ili uakisi mwanga kama udongo wa Mwezini, wakaweka mawe na mashimo. Vihisi vya chombo huchagua mahali pa kutua kwa kuangalia chini; ukivifunza kwenye sakafu safi, umevidanganya.

Anayeruka hatua hizi hulipia huko huko juu. Februari 2024 chombo cha Odysseus kilifika Mwezini vifaa vyake vya leza vya kupima umbali hadi chini vikiwa havifanyi kazi, kwa kuwa kizuizi cha usalama hakikuondolewa kabla ya safari. Jaribio ambalo lingeliona kosa hilo liliachwa ili kuokoa muda na pesa. Kilitua, kikalala ubavu.

Sasa sisi wa Nakuru. Panda Menengai, mlima wetu wa volkeno, wakati wa kiangazi uone vumbi la volkeno linavyokuingia hadi kwenye soksi. Wamarekani walipotaka udongo wa kuigiza ule wa Mwezini, walichota majivu ya volkeno Arizona. Najua, miamba ya Menengai si basalti, ule mwamba mweusi wa volkeno ulio pia Mwezini, kwa hiyo kikemia hailingani na ya Mwezini. Lakini mguu wa chombo haujali kemia kwanza. Unajali mteremko, jiwe lililojificha na udongo unaodidimia. Apollo 15 ilitua ukingoni mwa shimo dogo, ikainama kama nyuzi 11.

Wanafunzi wa uhandisi pale Egerton hawahitaji injini ya roketi kuanza. Wanahitaji fremu ya chuma, puli, uzani wa kusawazisha na kamera. Fremu hiyo mafundi wa jua kali mjini wataichomelea. Kazi ngumu kuliko hiyo wanaifanya kila siku kwenye mabodi ya matatu. Wadondoshe miguu minne ya chombo cha kuigiza kwenye mteremko, wapime, wabadilishe pembe, wadondoshe tena. Vipimo hivyo vikiwa vizuri, wenye roketi watavihitaji.