Ujumuishi wa Batiki

Tangazo limezunguka wiki nzima kwenye makundi ya walimu, nami nimetumiwa hata na watu nisiojua kama bado wana namba yangu. Shule binafsi, Dar es Salaam, bweni na kutwa, inatafuta Mratibu wa Usawa na Ujumuishi. Awe na shahada ya ualimu. Awe mchangamfu. Awe na uzoefu wa kuandaa Siku ya Utamaduni. "Dada, hii kazi imeandikwa jina lako kabisa," kaniambia mmoja, akamalizia na vikatuni vya kucheka.

Nikasoma majukumu hadi mwisho. Kuandaa Siku ya Utamaduni. Kulea klabu ya urafiki. Kuandika ujumbe wa ujumuishi kwenye tovuti ya shule. Kushirikiana kwa karibu na idara ya masoko. Hapo nikaweka simu chini. Idara ya masoko! Usaili wa kujiunga haukutajwa. Wastani haukutajwa, uhamisho haukutajwa, ada ndiyo kabisa. Mtu ataongoza ujumuishi wa shule nzima bila kugusa mlango wanaoingilia watoto wala ule wanaotolewa.

Kazi hii nimewahi kuifanya, shule nyingine, wala sitaitaja. Cheo kilikuwa kipya, mmiliki alirudi nacho kutoka safari ya nje. Nikapewa meza jirani na mhasibu, fulana yenye maandishi, na bajeti ya batiki. Siku ya Utamaduni ikafana, nisiseme uongo. Wachaga wakacheza ngoma ya Wasukuma, mtoto wa Kihindi akavaa lubega, pilau likaliwa, mgeni rasmi akasema kwamba shule yetu ni Tanzania ndogo. Picha zikapanda mtandaoni jioni ileile.

Wiki iliyofuata mwalimu wa taaluma akatoa orodha.

Orodha mnaifahamu. Mwenye mtoto shule binafsi asiyeijua basi mtoto wake hajawahi kukaribia mstari. Kwenye fomu ya kujiunga, baada ya godoro, ndoo na rimu za karatasi, kuna kipengele kidogo: mwanafunzi atakayeshindwa kufikia wastani wa shule atakariri darasa au atatafutiwa shule nyingine. Wastani wa shule ni hamsini, kwingine sitini, na wapo wanaojisifia zaidi ya hapo. Wastani wa kufaulu wa taifa wao hauwahusu. Mzazi anasaini haraka maana basi la shule linangoja na ada ya awamu ya kwanza ameshalipa. Miaka miwili baadaye anapigiwa simu aje ofisini, peke yake, bila mtoto.

Katika orodha ile kulikuwa na kijana wa kidato cha pili. Alisoma shule ya msingi ya serikali, miaka saba ya sayansi kwa Kiswahili, kisha akatumbukizwa kidato cha kwanza akae dawati moja na wenzake wanaosoma kwa Kiingereza tangu chekechea. Hesabu alikuwa anazipiga vizuri tu. Biolojia na historia ndizo zilizomvuta chini, na ukimuuliza jambo lilelile kwa Kiswahili anakueleza mpaka unataka kumpa chaki. Alikuwa anasomeshwa na shangazi yake, mama lishe. Wastani wake ulikuwa 47. Shule ilitaka 50.

Shangazi alikuja ofisini na khanga yake begani. Akakabidhiwa barua ya uhamisho iliyokwisha kupigwa muhuri, na ndani imeandikwa kwamba mwanafunzi anahama kwa ombi la mzazi. Aliisoma polepole, kisha akanigeukia mimi, labda kwa sababu ndiye niliyekuwa mwanamke pekee mle ndani.

"Mwalimu, mimi hii nimeomba lini?"

Nikaenda kwa mkuu wa shule. Sikwenda kugombana, nilikwenda na hoja: mtoto huyu ana tatizo la lugha, tumwekee vipindi vya jioni, tumpe mwaka mmoja. Mkuu ni mtu mpole, alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Madamu, hilo ni la taaluma. Wewe upo upande wa ujumuishi."

Sentensi hiyo bado sijaimaliza kuitafuna. Ujumuishi una upande wake, na upande huo ni ukumbi wa mikutano. Madarasani ni kwa wengine.

Tuambiane na kwa nini orodha hutoka kidato cha pili. Sababu si ya kielimu. Mtoto akishasajiliwa na Baraza la Mitihani, NECTA, kufanya mtihani wa kidato cha nne chini ya namba ya shule, matokeo yake ni ya shule. Akipata divisheni ziro, yaani amefeli, ziro hiyo inabandikwa mtandaoni chini ya jina la shule na jirani wa mmiliki anaisoma akiwa kitandani. Kwa hiyo mchujo lazima ukamilike kabla ya usajili. Anayeondoka mapema haharibu kitu, kwa hesabu za shule ni kama hakuwahi kusoma pale. Halafu mabango yanapanda barabarani: hakuna divisheni ziro, hakuna divisheni foo. Lazima zisiwepo, mmewapeleka shule ya kata!

Nayo shule ya kata haichagui. Inampokea yule 47, inamchanganya na wenzake darasa lililojaa mpaka dirishani, na matokeo yakitoka tunaicheka kwamba shule za serikali hazifai. Hapa huwa napandisha presha, mniwie radhi.

Januari 2023, wakati wa kutangaza matokeo ya kidato cha nne ya 2022, NECTA iliacha kutaja shule kumi bora na wanafunzi bora. Nilishangilia peke yangu jikoni. Nilidhani mbio zimekwisha. Kumbe shule zikaanza kujitangazia zenyewe, kila moja na kumi bora yake: kumi bora ya wilaya, ya kanda, ya shule za wasichana zenye kwaya. Wizara nayo imekemea zaidi ya mara moja hii tabia ya kukaririsha na kufukuza watoto kwa wastani wa shule. Ndiyo maana barua zikabadilika zikawa "kwa ombi la mzazi". Agizo limetekelezwa, si ndiyo?

Najua wamiliki watasema nini, na baadhi yao wana haki. Shule binafsi haipati ruzuku. Ina mkopo benki, kodi na tozo za kila rangi, na mishahara haingoji. Ufaulu ukishuka mwaka mmoja, mwaka unaofuata nusu ya wazazi wamehama, na wazazi hao ni sisi. Tunaosema tunataka malezi na utu, halafu swali letu la kwanza getini ni divisheni wani walikuwa wangapi. Nimemsikia mzazi kwenye kikao akiomba shule iwaondoe "wanaowarudisha nyuma wenzao", na akapigiwa makofi. Kwa hiyo sawa, mmiliki hakuizua biashara hii peke yake. Hilo nimekubali, tuendelee.

Maana hata huruma yetu tumeipangia alama. Shule ya St Jude kule Arusha, iliyoanzishwa mwaka 2002 na Gemma Sisia kutoka Australia, inasomesha watoto wa familia maskini bure, na ninaiheshimu kwa dhati. Lakini hata pale anayechukuliwa ni maskini anayefaulu vizuri. Wao angalau wanasema wazi. Shule nyingi nyingine zenye "ufadhili" hutafuta mtoto wa namna hiyohiyo kwa sababu nyingine kabisa: atawapandishia matokeo, na picha yake itafaa kwenye kipeperushi. Maskini wa kawaida, mwenye akili za kawaida kama za mtoto wa mmiliki, huyo hana mfadhili.

Kuna kundi jingine la wazazi, hawa wa kusoma habari za nje. Tangu Trump alipoapishwa tarehe 20 Januari 2025 na siku hiyohiyo kusaini amri ya kufuta programu za usawa na ujumuishi katika serikali yake, wamepata la kusema: wenyewe wameacha, sisi tunaiga nini? Jamani. Nchi hii ilirithi shule za Wazungu, shule za Waasia na shule za Waafrika, kila kundi na majengo yake na fedha zake, za Waafrika zikiwa za mwisho. Mfumo huo ulivunjwa kisheria kuanzia Januari 1962, mwezi mmoja tu baada ya Uhuru, na hatukusubiri mshauri yeyote kutoka Washington. Baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1960, serikali ikazichukua hata shule nyingi za mashirika ya dini ili mtoto wa Mwislamu na wa Mkristo wasome pamoja. Mtu anaweza kubisha namna ilivyofanyika. Lakini kusema swali la nani akae darasani na nani ni la Wamarekani, hiyo ni kusahau nyumbani kwenu. Tulichofanya tangu milango ya shule binafsi ifunguliwe tena ni kuirudisha mipaka ileile kwa risiti ya ada na kwa alama za mtihani.

Mengine nayataja kwa kupita, kila moja lina makala yake. Nywele: binti Mwafrika ananyolewa kipara, mwenzake wa Kihindi anasuka mkia hadi kiunoni, shule moja, sheria moja. Mishahara: mwalimu aliyekuja na pasipoti ya nje na mwalimu wa Kitanzania wanafundisha fizikia ileile, mmoja analipwa kwa dola na nyumba juu. Kibao cha "humu ni Kiingereza tu" kwenye nchi ya Kiswahili, na adhabu juu yake. Wasichana waliojifungua: Novemba 2021 Waziri Joyce Ndalichako alitangaza kwamba wanaweza kurudi katika mfumo rasmi, basi niambieni ni shule ngapi za ada kubwa mnazojua zenye mama mdogo mmoja darasani. Ngazi: Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ni ya mwaka 2010, na maabara bado iko ghorofa ya pili. Mkakati wa Taifa wa Elimu Jumuishi tunao pia, umechapwa vizuri.

Lakini yote hayo nayaweka nyuma ya orodha, kwa sababu mtoto anayebaki shuleni tunaweza kumpigania nywele zake. Aliyeondolewa hana hata jina kwenye daftari la mahudhurio.

Kwa hiyo ningekuwa mimi ndiye ninayeandika tangazo, ningefuta Siku ya Utamaduni. Watoto wataicheza tu, walimu wa michezo wapo. Mratibu akae kwenye chumba cha usaili, aone nani anakataliwa na kwa swali gani, maana usaili wenyewe huwa ni mtihani wa Kiingereza uliovaa koti la hesabu. Barua yoyote ya uhamisho isitoke bila saini yake, na kabla ya kusaini azungumze na mzazi, faragha, amuulize kama kweli aliomba. Na mara moja kwa mwaka aisomee bodi, mbele ya wawakilishi wa wazazi, idadi ya walioingia kidato cha kwanza miaka minne iliyopita na idadi ya waliokaa mtihani wa kidato cha nne, pamoja na maelezo ya kila aliyepungua. Bodi ikikataa kumpa hayo, asipokee kazi. Au apokee, ana watoto, simlaumu, ila asijiite kiongozi wa jambo lolote.

Rafiki yangu mmoja wa zamani, sasa ni meneja wa shule, aliniambia namba hizo ni siri ya biashara. Si siri. NECTA inaweka matokeo ya kila shule mtandaoni, ya kidato cha pili na ya kidato cha nne. Fungua kidato cha pili cha 2022 cha shule unayoitaka, hesabu watahiniwa. Kisha fungua kidato cha nne cha 2024 cha shule hiyohiyo. Ni wale wale, au ndivyo inavyotakiwa. Watakuwepo waliohama kwa sababu za kweli, baba kapata uhamisho Mbeya, mtoto kaugua, mwingine karudia darasa baada ya kushindwa mtihani wa taifa wenyewe, na watakuwepo waliohamia. Hao waondoe kwa ukarimu kabisa. Ukikuta walikuwa darasa zima na nusu, wamebaki darasa moja, uliza waliobaki njiani wako wapi, na uulize kwenye kikao cha wazazi, kwa sauti, siyo kwenye WhatsApp.

Anzeni na shule za watoto wenu. Ya pale nilipokuwa nafundisha nilishaihesabu mimi mwenyewe, nikaipeleka kwenye kikao cha menejimenti ikiwa imechapwa nakala kwa kila mjumbe. Mkataba wangu haukuongezwa, na ndiyo maana siku hizi nina muda wa kuwaandikia makala ndefu namna hii.