K2 mwaka 1954: kesi iliyomalizwa nusu

Tarehe 31 Julai 1954, Waitaliano Achille Compagnoni na Lino Lacedelli walikanyaga kilele cha K2, mlima wa pili kwa urefu duniani (mita 8,611), mpakani mwa Pakistan na China. Walipitia mgongo wa mlima unaoitwa Abruzzi, jina la mwana wa ukoo wa kifalme wa Italia aliyeujaribu mwaka 1909. Ndiye yuleyule aliyekwea kilele kirefu cha Rwenzori mwaka 1906. Italia, ambayo ilikuwa haijapoa majeraha ya vita, ilishangilia. Ila usiku wa kuamkia ushindi ule umeleta ugomvi wa zaidi ya nusu karne.

Mchana wa tarehe 30, Walter Bonatti, kijana wa miaka 24, na Amir Mahdi, mpagazi kutoka Hunza, kaskazini mwa Pakistan, walikuwa wakipandisha mitungi ya oksijeni kuwapelekea Compagnoni na Lacedelli, waliotangulia kupiga hema la mwisho. Ilipofika jioni walikuwa mahali palipokubaliwa, hema halipo. Wakaita na kuita. Mwishowe taa ikawaka juu, kando ya mteremko, na sauti ikawaambia waiache mitungi washuke. Taa ikazimika. Kushuka gizani kwenye barafu ile kulikuwa kujiua, basi wakachimba kijishimo kwenye theluji wakakaa humo hadi alfajiri, kwenye mita 8,100 hivi, bila hema wala mfuko wa kulalia. Bonatti alitoka salama. Mahdi, ambaye hakupewa viatu vya baridi kali kama vya wenzake wa Italia, alikatwa vidole vya miguu.

Compagnoni alijitetea kwamba alisogeza hema kukwepa barafu iliyoning'inia juu ya njia. Hoja hiyo haifai kudharauliwa. Mwaka 2008 barafu ya eneo hilohilo ilimeguka, na watu 11 wakafa katika msiba ule. Yeye na mwenzake walisema pia kwamba upepo ulikuwa mkali, hawakusikiana vizuri, wakaamini wale wa chini wameshuka.

Upande wa pili, Lacedelli mwenyewe alisema mwaka 2004 kwamba hema lilisogezwa makusudi ili Bonatti asilifikie. Bonatti alikuwa na nguvu kuliko wote, na angeweza kumpokonya Compagnoni nafasi ya kileleni. Ni ushahidi mzito, ingawa Lacedelli naye alilala ndani ya hema hilohilo na akakaa kimya miaka 50. Kwa maoni yangu, mahali pa hema panaweza kutetewa. Kinachonishinda ni ile taa. Unamwambia mtu ashuke usiku, kwenye urefu ule, kisha unalala ukiamini ameshuka?

Halafu kuna suala la oksijeni. Washindi walisema iliwaishia kabla ya kilele, na mwaka 1964 gazeti moja la Italia likaandika kwamba Bonatti ndiye aliyeivuta usiku ule. Akaenda mahakamani, akashinda. Jambo lenyewe ni jepesi: barakoa zilikuwa juu hemani, na mtungi bila barakoa ni mzigo tu. Baadaye Robert Marshall, daktari wa Australia, alionyesha picha ya kileleni ambamo Compagnoni bado amevaa barakoa. Wapo wanaojibu kwamba alikuwa akipasha hewa joto tu. Sawa, lakini kwa nini mtu abebe kilo karibu 20 za mitungi mitupu hadi juu?

Chama cha wapanda milima cha Italia kiliunda jopo la watu watatu, na hatimaye kikakubali maelezo ya Bonatti. Wengi wanaona kesi imeisha hapo. Mimi naona jopo lilimsafisha Mwitaliano mmoja mbele ya Waitaliano wengine, na kwa hilo lilitenda haki. Ila kuna jambo Bonatti mwenyewe alilikiri: ili Mahdi akubali kupanda na mzigo, alidokezewa kwamba huenda naye akafika kileleni. Mitungi ilikuwa ya watu wawili, na hao wawili walishachaguliwa.

Watetezi wa Bonatti husema bila oksijeni ile safari nzima ingevunjika, na kwamba yeye pia alihatarisha roho yake. Ni kweli. Lakini Bonatti alijua anachokifuata, Mahdi alifuata ahadi. Huyu hakuwa mgeni wa milima. Mwaka mmoja kabla, kule Nanga Parbat, mlima mwingine wa Pakistan, alisaidia kumteremsha mpanda milima Hermann Buhl ambaye miguu yake ilikuwa imeganda. Baada ya K2 hakupanda tena. Alifariki mwaka 1999, kabla jopo halijaundwa, na swali la nani alimwahidi kilele, kwa idhini ya nani, halikuwa kiini cha kesi iliyotangazwa kuwa imekwisha.