Anza na taa ya nyuma

Saa 11 alfajiri, Barabara ya Nyerere jijini Dar es Salaam ina giza la namna mbili. Kuna giza la kawaida, pale taa za barabarani zilipokufa, na kuna giza la baada ya gari kukupita. Likishakumulika usoni likaenda zake, macho hubaki sekunde kadhaa hayaoni kitu. Katika giza hilo la pili, nikiwa kwenye baiskeli, nilikaribia kumgonga muuza mkaa.

Alikuwa mbele yangu, anaelekea mjini kutoka upande wa Kisarawe, magunia yamepanda hadi kumpita kichwa. Hana taa. Gunia limechafuka mkaa, baiskeli nyeusi, lami nyeusi. Taa yangu ya mbele, ambayo nilipoondoka nyumbani ilikuwa inamulika vizuri, ilikuwa imeshaanza kunywea. Nilichokiona ni kisigino kikipanda na kushuka, karibu kabisa. Nikavuta breki, nikaingia mchangani. Aligeuka, akasema, "Pole kaka," akaendelea kukanyaga.

Mimi nilikuwa kwenye mwendo wa kilomita 15 kwa saa. Fikiria lingekuwa lori.

Tangu siku ile, kila anayeniuliza habari za taa za baiskeli namjibu hivi: kama mfukoni una hela ya taa moja tu, nunua ya nyuma. Wengi wanabisha. "Sasa mashimo nitayaonaje?" Swali la haki. Lakini njia ya kazini unaipita kila siku, mashimo yake unayajua, na usipoyaona unaweza kupunguza mwendo. Gari linalokuja nyuma yako huna uwezo wa kulipunguzia mwendo. Gari la kilomita 80 kwa saa linakata mita 22 kila sekunde. Dereva akitumia sekunde 2 tu kukuona, kushtuka na kupeleka mguu kwenye breki, mita 44 zimekwisha na breki ndiyo kwanza inaanza kushika. Unamdai akuone ukiwa mbali zaidi ya hapo, na shati la rangi ya giza halitakusaidia.

Wapo wanaotegemea kiakisi mwanga, kile cha plastiki nyekundu kinachokuja na baiskeli. Usikitoe, kina kazi. Ila kinarudisha mwanga kule ulikotoka tu. Gari likiwa na taa mbovu, au likichomoza kutoka barabara ya pembeni, kiakisi kinabaki plastiki. Vya kwenye pedeli navipenda zaidi, kwa sababu vinapanda na kushuka na dereva anatambua papo hapo kwamba yule ni mtu anakanyaga, si kigingi cha barabara. Kama pedeli zako hazina, bandika utepe wa kuakisi.

Sasa tuje kwenye kufunga, maana hapa ndipo hela ya watu wengi inapotelea. Taa nyingi za nyuma za bei ndogo zinakuja na mpira wa kuzungusha kwenye bomba la siti. Waliozitengeneza walikuwa na picha ya baiskeli isiyobeba kitu. Baiskeli zetu zina keria, na keria ina kreti ya mikate, dumu, gunia, au mtoto. Nilinunua taa yangu ya nyuma Kariakoo kwa shilingi 6,000, nikaifunga chini ya siti kama picha ya kwenye boksi inavyoonyesha, nikaridhika. Jioni moja nikamwomba jirani anishikie baiskeli kwenye uchochoro wetu usio na taa, kreti ikiwa juu ya keria. Nikarudi nyuma hatua 10. Sikuona hata chembe ya wekundu. Kwa miezi kadhaa nilikuwa naimulikia kreti.

Fundi wangu wa baiskeli alilimaliza tatizo hilo kwa kipande cha flati baa, yaani chuma bapa, chenye urefu wa kiganja. Alikitoboa matundu mawili, akakikunja kwa nyundo juu ya jiwe kikawa kama herufi L, akakifunga kwa bolti kwenye ncha ya nyuma kabisa ya keria, sehemu iliyokunjwa ikitazama barabara. Taa ikakaa hapo. Kabla ya kuifunga alikata utepe wa tyubu kuukuu, akauweka kati ya chuma na taa. Nilidhani ni wa kuzuia kutu. "Hapana, mdogo wangu," akasema, "wa kula mtikisiko. Chuma kwa chuma, barabara hizi, wiki mbili taa imepasuka." Huo utepe wa tyubu ndio kifaa bora kuliko vyote vinavyouzwa na taa. Haukatiki kama ile mipira myembamba ya kiwandani, hautelezi, na kwa fundi unapewa bure. Mzigo wako ukizidi ncha ya keria, kama magunia ya mkaa, funga taa kwenye mzigo wenyewe, juu ya kamba ya mwisho. Na hakikisha inatazama nyuma sawasawa, si lami wala mawingu. Taa hizi ndogo zina mwanga mkali katikati tu, ukiipindisha kidogo umeshapoteza nusu yake.

Kuhusu kuwaka moja kwa moja au kumwekamweka, mimi nasema moja kwa moja. Inayomweka inavuta jicho, nakubali, lakini dereva anapata taabu kujua uko umbali gani. Ujerumani taa ya nyuma ya kumweka hairuhusiwi kwenye baiskeli. Ukiweza kununua mbili, moja iwake muda wote na nyingine imweke. Rangi haina mjadala: nyuma nyekundu, mbele nyeupe au ya njano, kama ulivyosema Mkataba wa Vienna wa usafiri wa barabarani wa mwaka 1968. Zile za bluu na nyekundu kama za polisi waachie wenyewe. Barabarani rangi ni lugha, na ukiichanganya utafasiriwa vibaya.

Nirudi kwa ile taa yangu ya mbele iliyonywea. Kwenye boksi iliandikwa lumeni 10,000, lumeni ikiwa kipimo cha wingi wa mwanga. Muuzaji aliniapia. Ilidumu dakika 40. Nilipoifungua nilikuta betri moja ya lithiamu, ile ya 18650, yenye unene wa milimita 18 na urefu wa milimita 65, ubavuni imeandikwa 9900 mAh, yaani kiasi cha chaji inachobeba. Huo ni uongo, na mtu anayekwenda kazini gizani anautegemea kwa uhai wake. Betri ya ukubwa huo, hata iliyo nzuri, kwa kawaida inaishia kwenye 3500 mAh hivi. Ukiona namba inayozidi hiyo kwa mbali, iache dukani, na lumeni zake pia usiziamini. Kwa barabara ya lami, lumeni 200 za kweli zinatosha, na kwa vumbi na mawe 400 ni raha. Badala ya kusoma boksi, omba kuiwasha pale pale dukani, uielekeze kwenye ukuta au kona yenye kivuli. Unatafuta mwanga uliotandaa kwa upana, si nukta moja kali yenye giza pembeni. Kisha nyumbani, siku ya kwanza, iwashe ukiwa umetulia, uangalie saa mpaka izime. Hapo ndipo utajua umenunua nini.

Ifunge katikati ya usukani, utepe wa tyubu chini yake tena, na uinamishe. Simama mita 5 kutoka ukutani. Kitovu cha mwanga kiangukie chini kidogo ya kimo taa ilipo. Anayekuja mbele yako ana macho kama wewe, na ukimpofusha yeye ndiye atakayekufuata upande wako. Na tafadhali, simu ya mkononi si taa ya baiskeli. Kila jioni naona vijana wanaendesha kwa mkono mmoja, mwingine umeshika simu inayomulika. Huyo amebaki na breki moja, na nyuma hana kitu.

Baba yangu alikuwa na baiskeli ya Phoenix yenye dinamo, ile chupa ndogo inayosugua ubavu wa tairi na kuzalisha umeme wa taa. Volti 6, wati 3, haina betri wala chaji. Ukikutana nayo nzima, chukua, hasa kama kwenu umeme ni wa kubahatisha. Kasoro yake ni kwamba ukisimama inazima, tena kusimama pembeni gizani ndipo unapohitaji taa zaidi. Kwa hiyo hata mwenye dinamo aweke taa ya nyuma ya betri. Zinazotumia betri za AAA zinafaa sana vijijini, kwani betri unaipata duka lolote. Za kuchaji, hakikisha kile kifuniko cha mpira cha tundu la chaji kimekaa vizuri kabla ya masika. Yangu ya kwanza ilikufa kwa maji ya mvua moja.

Nina neno pia kwa wanaouza baiskeli. Unamuuzia mzazi baiskeli ya mtoto wa sekondari, unajua shule iko mbali na jua la hapa Dar linazama kabla ya saa 1 jioni mwaka mzima, unamwekea kengele na kikapu, halafu anatoka bila taa ya nyuma. Haifai. Nawe mzazi, usiombe kupunguziwa bei, omba taa, na isifungwe chini ya siti.

Muuza mkaa sikumpata tena, wanapita wengi. Lakini fundi wangu sasa ana vipande vya flati baa vilivyokwisha tobolewa, vinaning'inia kwenye msumari karibu na pampu, na wiki iliyopita alinionyesha gunia alilolifungia taa kwa sindano ya kushonea magunia. Nilirudi nyuma hatua 100 na ushei. Nyekundu ilikuwa bado inaonekana.